Kijana wako, pombe na madawa: hatua kwa hatua, kuanzia kabla hajaguswa mpaka siku umemkuta kalewa

Siku moja nilikuta kwenye begi la mwanangu kitu chembamba cha bluu kama flashi, nikakaa nacho mezani dakika nzima natafuta pa kukichomeka kwenye laptopu, nikijua humo ndani kuna kazi zake za shule. Hakikuingia. Nikakigeuza, nikakinusa, kinanukia pipi. Ndo nikaelewa kwamba ni vepu, sigara ya umeme, na mi mzee mzima nilikuwa nahangaika kufungua mafaili kwenye sigara.

Nilichofanya baada ya hapo ndo kilikuwa cha hovyo zaidi. Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia, nikatoa hotuba ya saa zima, nikamnyang'anya simu nikasema mwezi mzima hutaiona (wiki ya pili nilimrudishia mwenyewe kwa sababu kila nikitaka kujua yuko wapi sina pa kumpigia). Na hakuacha. Alichojifunza ni kuficha vizuri zaidi. Ilinichukua karibu mwaka kurudi mahali ambapo mtoto ananiambia kitu bila mimi kumlazimisha.

Kwa hiyo haya naandika kwa mzazi, mlezi, mjomba, shangazi, bibi, yeyote anayeishi na kijana wa umri huu wa kubalehe mpaka miaka 19 hivi. Lengo langu ni moja: siku mtoto ameingia kwenye shida, saa sita za usiku, kichwa kinamzunguka, namba ya kwanza anayoibonyeza iwe yako. Sheria, ulinzi, maongezi, vyote nimevipanga kwa kufuata hilo.

Hatua ya 1. Anza mapema kuliko unavyodhani

Wengi tunasubiri mpaka tuone dalili. Umechelewa hapo. Mtoto wa miaka 9 au 10 anaweza kabisa kuelewa kwamba dawa ya mtu mwingine hailiwi, kwamba pombe inabadilisha akili ya mtu, kwamba yule mjomba anayeanguka anguka kwenye sherehe hachekeshi, anaumwa. Unaongea dakika mbili, unabadilisha mada, maisha yanaendelea.

Afu kuna hili la kuchelewesha, ambalo wazazi wengi hawajui lina uzito gani. Anayeanza kunywa kabla ya miaka 15 ana uwezekano kama mara nne zaidi wa kuja kuwa mlevi wa kutegemea pombe kuliko yule aliyesubiri mpaka miaka 20 na kitu. Kwa hiyo hata kama moyoni unajua ipo siku ataonja, kuisogeza hiyo siku mbele kwa miaka miwili mitatu ni ushindi mkubwa tu.

Na kuna wale wanaosema "bora aonjee nyumbani mbele yangu ajue kujizuia". Mi mwenyewe nilishalisema hili. Sasa Australia walifuatilia vijana karibu 2,000 kuanzia 2010 mpaka 2016, wakaangalia waliopewa pombe na wazazi wao na wasiopewa, na hawakukuta faida yoyote ya kupewa na mzazi. Waliopewa nyumbani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuitafuta na kuipata kwingine pia. Ukimpa wewe anaelewa kitu kimoja, kwamba imeruhusiwa.

Hatua ya 2. Jua unachokiongelea, na usitie chumvi

Kijana wako ana intaneti mfukoni. Ukimdanganya jambo moja anatafuta, anakuta si kweli, na mengine yote uliyosema anayatupa humo humo. Marekani walikuwa na programu kubwa inaitwa DARE, ilianza Los Angeles 1983, polisi wanaingia darasani kuwaeleza watoto ubaya wa madawa, ikasambaa nchi nzima na mpaka nje, na tathmini zikaja moja baada ya nyingine zikionyesha kwamba haikubadilisha karibu chochote kwenye matumizi. Mi nadhani shida ni hii: ukimwambia "ukivuta bangi mara moja tu unakuwa chizi", afu Jumatatu anamuona mwenzake aliyevuta Jumamosi yuko darasani anajibu maswali ya hesabu, hapo umekwisha.

Sema yaliyo kweli, yanatosha kutisha bila kuongezewa.

Ubongo, kwanza. Sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, inayopima madhara na kusema "hebu subiri", inaendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, lakini sehemu inayotafuta raha na msisimko inawaka mapema sana. Ndo maana ukimuuliza kijana hatari za pombe mkiwa wawili mezani atakujibu vizuri kuliko wewe, lakini akiwa na wenzake watano na mmoja kashika chupa ni kama hajawahi kusikia kitu. Hakudanganyi pale mezani, wala hakudharau.

Pombe: ini linasafisha kama kipimo kimoja cha kawaida (tuseme bia moja ndogo) kwa saa, haliharakishwi na kahawa wala kuoga maji baridi. Kijana mwenye mwili mdogo ambaye hajazoea akishindana kunywa haraka anaweza kufa usiku huo huo kwa sumu ya pombe, si lazima awe mlevi wa miaka kumi.

Vepu: nyingi zina nikotini, na zile za kisasa zimetengenezwa isikwaruze koo, kwa hiyo mtoto anavuta kiwango kikubwa bila hata kukohoa. Moshi wa sigara ulikuwa unatusaidia sisi, tulikuwa tunakohoa tunaacha. Hizi hazina huo msaada.

Bangi: ya sasa ina nguvu kuliko ile ya miaka ya 1970 ambayo wazee wanaisimulia. Wanaoanza wakiwa vijana, kama 1 kati ya 6 anaishia kushindwa kuacha. Na kwa wachache, hasa kwenye familia yenye historia ya magonjwa ya akili, inaweza kuchochea mtu kusikia sauti na kuona visivyokuwepo. Hayo ndo ya kusema, hayo ya uchizi wa papo kwa papo achana nayo.

Vidonge: hapa wazazi tumelala. Tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodeini, diazepamu na dawa nyingine za usingizi, mtoto anaona ni dawa ya hospitali tu haina neno. Zikichanganywa na pombe zinaweza kupunguza pumzi mpaka isimame. Na vidonge vya mtaani unaweza kukuta vimetiwa fentanili, dawa kali sana ya maumivu, ambayo miligramu 2 tu zinaweza kuua mtu, ni kama punje chache za chumvi, na kwa macho huwezi kuitambua.

Gundi, petroli, gesi za kunusa: rahisi kupata, na moyo unaweza kusimama hata mara ya kwanza kabisa. Hili mwambie wazi.

Hatua ya 3. Ongea kidogo kidogo, na usikae naye uso kwa uso

Ile "kaa hapo nikwambie kitu" ndo inaua maongezi. Kijana akishaona umevuta kiti ukakaa mbele yake anafunga masikio. Mi nimegundua wanaongea mkiwa mnafanya kitu, mikono ina kazi, macho yako kwingine. Kwenye gari, mkitembea, mkikunja nguo. Kwetu ilikuwa kuosha vyombo.

Kuna usiku mmoja mi naosha yeye anafuta, nikasema tu:

"Yule rafiki yako mrefu sijamuona siku nyingi."

"Yupo."

Nikanyamaza. Nikaendelea na sufuria.

"Ana watu wengine siku hizi."

"Aah."

"Wanavuta, baba."

Hapo sasa. Hapo ndo kila kitu kinategemea uso wako unafanyaje. Sufuria ilikuwa imeshatakata lakini niliendelea kuisugua tu ili nisigeuke. Nikamuuliza, na wewe walishakupa? Akasema mara moja. Ukafanyaje? "Nikawaambia nina kifua." Nikacheka, na yeye akacheka, afu akanipa hadithi nzima, nani analeta, wanavutia wapi, nani alitapika. Mambo ambayo ningemhoji kipolisi nisingeyapata hata kwa wiki.

Maswali yanayofungua mdomo ni ya "ilikuwaje", "wewe ukaonaje", "wenzako wanasemaje kuhusu hilo". Swali la "kwa nini" lipunguze, kwa sababu "kwa nini uliend—" haijaisha sentensi ameshaanza kujitetea. Na akikwambia kitu kizito, hata kama tumbo linakuchoma, neno la kwanza liwe "ahsante kwa kuniambia". Kugomba kupo, kesho utagomba.

Akikuuliza "na wewe baba ulishawahi?", usidanganye, na usigeuze kuwa stori ya ushujaa. Sema ulichofanya kwa sentensi mbili, sema kilikugharimu nini, basi.

Hatua ya 4. Sheria chache, zinazojulikana kabla

Kuna wazazi wanadhani kuwa rafiki wa mtoto maana yake ni kutokuwa na sheria. Hapana. Watoto wanaofanya vizuri kwenye hili ni wa wazazi wenye upendo unaoonekana na msimamo unaoonekana pia, vyote viwili, sio wa ukali mtupu wala wa "fanya utakavyo mwanangu".

Kwetu ziko nne tu. Hapa nyumbani kijana hanywi, havuti, hatumii. Hapandi chombo ambacho dereva amekunywa, hata akiwa rafiki wa baba. Tunajua yuko wapi, na nani, anarudi saa ngapi, na mipango ikibadilika anatuma meseji kabla sio baada. Ya nne nitaieleza kwenye hatua ya 6.

Adhabu itajwe kabla kosa halijatokea, iwe fupi na iwe ambayo wewe mwenyewe utaiweza. Umechelewa saa moja bila meseji, wikiendi ijayo hutoki. Imeisha. Sio mwezi, sio "mpaka umalize shule". Ukitoa adhabu usiyoweza kuisimamia mtoto anajifunza kwamba maneno yako yana punguzo.

Afu baba na mama wawe na kauli moja jamani. Hata kama mmeachana. Mkibishana, bishaneni chumbani, akija awakute mmeshakubaliana. Na bibi naye aambiwe kwa adabu, maana bibi ndo anafungua mlango wa nyuma.

Na usimpige. Najua wapo watakaosema sisi tulichapwa na tumekuwa, ila kijana anayechapwa kwa ulevi anachojifunza ni kutorudi nyumbani akiwa amelewa, anakwenda kulala kwingine, na huko kwingine ndo kubaya.

Hatua ya 5. Jua yuko wapi, na msifanye peke yenu

Hapa nina mfano ninaoupenda sana. Iceland mwaka 1998, vijana wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 imeshuka mpaka asilimia 5. Wanaovuta sigara kila siku kutoka asilimia 23 mpaka 3. Na hawakufanya miujiza. Waliwauliza watoto maswali kila mara na kuyafanyia kazi majibu, wakaweka saa za watoto kutokuwa nje usiku, wakatia hela kwenye michezo na muziki na sanaa ili mtoto awe na pa kwenda baada ya shule, na wazazi wa darasa moja wakaandikiana makubaliano, wangu hanywi wako hanywi, saa fulani wote ndani, na jioni za wikiendi wazazi wenyewe wanatembea mitaani kwa zamu.

Serikali ya kututilia hela kwenye michezo hatuwezi kuitengeneza wewe na mimi leo usiku, ila yale makubaliano ya wazazi tunayaweza. Chukua namba za wazazi wa marafiki watatu wa karibu wa mtoto wako. Watatu tu. Mara ya kwanza unaona aibu, unapiga unasema "habari, mi baba yake fulani, hawa watoto wetu wanasema Jumamosi wako kwako, ni kweli?", na mara nyingi utasikia mtu anashusha pumzi kule upande wa pili kwa sababu na yeye alikuwa anataka kuuliza hivyo hivyo akaona aibu. Mara mbili nimeambiwa "kwangu? Wangu kasema wako kwako".

Na mtoto awe na kitu chake baada ya shule. Mpira, ngoma, kuchora, kutengeneza simu, chochote kinachomrudisha nyumbani amechoka na chenye mtu mzima anayejua jina lake. Kijana aliyekaa bila kazi kuanzia saa tisa mpaka saa mbili usiku kila siku, sijui unategemea nini.

Kuhusu kupekua simu na begi: msimamo wangu ni kwamba usipekue kwa siri. Mwambie mapema, "hiki ni chumba chako, ila nikiwa na sababu ya kuogopa kwa ajili ya maisha yako nitaingia, na nitakwambia kwamba nimeingia". Lile begi mi nililifungua kwa siri na mpaka leo analikumbuka kuliko vepu yenyewe.

Hatua ya 6. Mpe njia ya kutokea

Kumwambia kijana "sema hapana" ni rahisi kwako uliyekaa kwenye kochi. Yeye yuko katikati ya watu ambao kesho ataonana nao tena. Mpe maneno. Fanyeni mazoezi kabisa, inachekesha lakini inasaidia: "nina kifua", "natumia dawa fulani sichanganyi", "baba yangu ananinusa mdomo nikirudi, mnamjua yule mzee". Acha wewe uwe mbaya kwenye hadithi yake, hupungukiwi kitu.

Na sheria ya nne ndo hii. Sisi tuna meseji ya siri: "Paka kala?" Hatuna paka. Ikiingia hiyo kwenye simu yangu au ya mama yake, mmoja wetu anampigia ndani ya dakika moja anafoka kwa sauti ili hata wa pembeni wasikie, rudi nyumbani sasa hivi kuna shida, niko njiani nakuja kukuchukua. Yeye anakunja sura, analalamika mbele ya wenzake, anaondoka bila kuonekana muoga. Upande wangu ahadi ni kwamba kwenye gari hakuna maswali. Hata kama ananuka. Hata kama amelewa. Maongezi ni kesho.

Mara ya kwanza kuitumia ilikuwa usiku sana, nikamkuta amesimama nje ya geti la watu mikono mfukoni. Akaingia. Ananuka moshi, na mi maneno yamenijaa mpaka hapa. Nikasema "mkanda". Akafunga mkanda, tukaenda kimya mpaka nyumbani, na huo ukimya ulikuwa mgumu kwangu kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa. Asubuhi alikuja mwenyewe jikoni akakaa, akaanza, sikumuuliza.

Ukivunja hiyo ahadi mara moja, hiyo meseji hutaiona tena.

Hatua ya 7. Safisha nyumba yako kwanza

Fungua kabati la dawa leo. Vidonge vya maumivu vilivyobaki baada ya kung'olewa jino, vya usingizi vya mama mkwe, chupa ya kikohozi iliyobaki nusu. Vihesabu, vifungie, vilivyoisha kazi virudishe duka la dawa kama wanapokea. Pombe kama ipo ndani, ijulikane iko kiasi gani.

Usimtume mtoto akakununulie sigara wala pombe. Na jiangalie mdomo: ukirudi kazini kila siku unasema "leo nimechoka hebu nipate moja nitulie", umemfundisha kwamba stresi inatibiwa na chupa, na hujatoa hata mfano wa dakika moja wa kitu kingine. Sisemi lazima uache. Ila kama wewe mwenyewe umeshindwa kuacha, tafuta msaada waziwazi na yeye akuone unahangaika, hiyo inamfundisha zaidi ya kuficha chupa nyuma ya kabati ambayo anaijua tangu darasa la tatu.

Hatua ya 8. Dalili, bila kugeuka askari

Kulala sana, kununa, kufunga mlango, kujibu mkato, hizo peke yake ni ujana. Unachotafuta ni mabadiliko ya ghafla na yanayokuja kwa mafungu: marafiki wote wa zamani wamepotea kwa mpigo, alama zimeporomoka, mchezo aliokuwa anaupenda kaacha, hela ndogo ndogo zinapotea ndani, vitu vinauzwa. Macho mekundu na dawa ya matone imeanza kuonekana. Manukato na pipi za kifua kila akirudi. Mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, hiyo ni ya heroini na jamii yake, usiipuuze.

Na ukiona hizo, usikimbilie madawa tu kichwani. Inawezekana anaonewa shule, au ana huzuni nzito, na wengine wanatumia ili wanyamazishe hiyo huzuni. Muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango wa kusema.

Vipimo vya mkojo vya kununua mi sivishabikii. Bangi inaweza kuonekana kwenye mkojo siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo hakikwambii jana alifanya nini, na kumvizia mtoto na kikombe chooni kunaharibu kila ulichojenga kwenye hatua ya 3. Kama kinahitajika kifanywe na mtaalamu, kijana akijua.

Hatua ya 9. Umeshajua anatumia. Sasa?

Usiongee naye akiwa amelewa. Hakuna kinachoingia. Kazi yako usiku huo ni kuhakikisha anapumua mpaka asubuhi, soma hatua ya 10.

Kesho yake, ukiwa umelala kidogo na umekula, anza na ulichokiona, sio na ulichohisi. "Jana umerudi saa saba, ulikuwa huwezi kusimama, nimekaa macho mpaka asubuhi kwa sababu niliogopa utapaliwa." Afu nyamaza. Acha ukimya ufanye kazi. Unachotaka kujua ni yuko wapi kwenye njia hii: ameonja mara moja mbili, au kila wikiendi, au hawezi kuamka bila. Ni vitu vitatu tofauti na havitibiwi sawa. Aliyeonja anahitaji maongezi na sheria zilizokazwa. Wa kila wikiendi anahitaji hayo pamoja na mshauri nasaha au daktari anayejua vijana. Asiyeweza kuamka bila ni mgonjwa, na mgonjwa anapelekwa hospitali.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msimfungie chumbani "arosto imtoke", yaani mpaka yale mateso ya kukosa ulevi yaishe. Mtu aliyekuwa anakunywa sana kila siku, au anayemeza dawa za usingizi kila siku, akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Kuacha kwake kunasimamiwa na daktari. Wa heroini wana dawa kama methadoni na buprenofini ambazo zinafanya kazi, na usiziite "kubadilisha ulevi kwa ulevi", zinawarudisha watu shule na kazini. Ujihadhari pia na sehemu zinazojiita nyumba za kurekebisha tabia huku wanafunga watoto minyororo au kuwapiga. Nenda kaone mwenyewe kabla, uliza nani daktari wao, uliza kama unaruhusiwa kumtembelea. Wakikuzungusha, ondoka.

Mficha maradhi kifo humuumbua, najua inauma majirani wakijua, najua ndugu watasema umeshindwa kulea. Waache waseme.

Kurudia kupo. Wengi wanaacha wanarudia wanaacha tena. Akirudia usimfukuze nyumbani, ukimfukuza wanaompokea ni wale wale. Aliyewahi kuacha heroini akarudia dozi yake ya zamani yuko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko mwanzo, mwili umeshasahau kustahimili, hilo mwambie yeye na mjue wote nyumbani.

Hatua ya 10. Usiku wa dharura

Hii ichukue kama ilivyo, ibandike hata mlangoni mwa kabati.

Ukimuamsha haamki, hata ukimfinya. Anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au kuna sekunde 10 zinapita hajavuta pumzi. Midomo au kucha zimekuwa za bluu au kijivu. Anatapika huku amelala. Anakoroma kwa sauti ya ajabu kama anagugumia maji. Degedege. Moja tu kati ya hizo inatosha, piga namba ya dharura au mkimbize hospitali, usisubiri zifike mbili.

Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe limshikilie, uso uelekee chini kidogo ili matapishi yatoke. Usimuache hata kwenda kufungua geti, tuma mtu mwingine. Usimpe kahawa, usimmwagie maji, usimlazimishe kutapika, usiseme "atalala itamtoka", maana pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala na anaweza kuzidiwa saa moja baada ya chupa ya mwisho. Kama unashuku heroini au vidonge vya maumivu kama tramadoli, na kuna naloksoni (dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na hizo), mpe, na hospitali mnaenda bado, kwa sababu naloksoni inaisha nguvu mapema na pumzi zinaweza kupotea tena. Kama hapumui kabisa na unajua kumpulizia pumzi, anza.

Ukifika hospitali, sema ukweli wote, kameza nini, saa ngapi, vingapi, beba na pakiti. Daktari anataka kujua aina ya sumu, sio nani alaumiwe. Na wafundishe watoto wote nyumbani hivi hivi, kwa sababu usiku huo anayekuwa karibu na aliyezidiwa ni kijana mwenzake, sio wewe, na wanaogopa kupiga simu wakidhani watakamatwa wote.

Kwetu wiki tatu zilizopita imeingia meseji kwenye simu yangu saa sita na robo, namba siijui. "Paka kala?" Mwanangu alikuwa chumbani kwake amelala, nikaenda nikamwamsha nikamuonyesha skrini. Akaangalia namba, akakaa kitandani. "Nilimpa mimi hiyo, baba. Yule mrefu." Nikapiga, nikafoka kama kawaida, na tukatoka wote wawili kumfuata.